Tumefungwa kwa goli moja: je, kosa ni la kocha?

*Baada ya mechi kila mtu anajua kocha alipaswa kufanya nini. Makala hii inaeleza kwa nini kosa huonekana wazi baada ya matokeo, na jinsi ya kuuliza maswali ya haki bila kuvunja timu wala ujirani.*

Kama ulitazama mechi ya Kongo na Algeria tarehe 6 Januari 2026, huenda bado unakumbuka ulikuwa umekaa wapi. Ilikuwa hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika, mjini Rabat, Morocco. Dakika 90 ziliisha bila goli. Muda wa nyongeza nao ulikuwa ukingoni, na watu walishaanza kuhesabu nani atapiga penalti. Dakika ya 119, Adil Boulbina, aliyekuwa ameingia kutoka benchi, akapiga shuti lililotikisa wavu. Algeria 1, Kongo 0. Safari ya Leopards ikaishia hapo.

Unajua asubuhi ya baada ya mechi kama hiyo inavyokuwa. Kwenye foleni ya maji, kwa kinyozi, kwenye stendi ya bodaboda, kila mtu ni kocha. Kwa nini fulani hakuingizwa mapema? Kwa nini tulirudi nyuma? Kwa nini yule aliyechoka aliachwa uwanjani?

Sasa rudi nyuma wiki saba tu. Tarehe 16 Novemba 2025, katika mji huohuo wa Rabat, Kongo ilicheza na Nigeria fainali ya mchujo wa Afrika wa kuwania Kombe la Dunia. Matokeo yalikuwa 1–1. Muda wa nyongeza ukielekea kwisha, kocha Sébastien Desabre alimtoa kipa Lionel Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti. Kongo ikashinda kwa penalti 4–3, na nahodha Chancel Mbemba akapiga ile ya ushindi. Siku ile Desabre alisifiwa kuwa fundi.

Kocha ni yuleyule. Je, alikuwa na akili Novemba, kisha zikapotea Januari?

Uamuzi uleule, majina mawili tofauti

Kubadilisha kipa au kuingiza wapiga penalti dakika za mwisho si jambo jipya. Tukiangalia waliowahi kufanya hivyo, tunaona jinsi matokeo yanavyoamua jina tunalompa kocha.

Mwaka 2014 nchini Brazil, Uholanzi ilicheza na Costa Rica robo fainali ya Kombe la Dunia. Mechi ikiwa 0–0, dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, kocha Louis van Gaal alimtoa kipa Jasper Cillessen akamwingiza Tim Krul. Krul aliokoa penalti mbili na Uholanzi ikashinda 4–3. Van Gaal akaitwa bingwa wa mbinu.

Siku nne baadaye, nusu fainali dhidi ya Argentina nayo ikafika kwenye penalti. Wakati ule sheria iliruhusu kubadilisha wachezaji watatu tu, na Van Gaal alikuwa ameshatumia nafasi zote tatu. Krul alibaki benchi. Cillessen hakuokoa hata penalti moja, na Argentina ikashinda 4–2. Watu wakauliza: kwa nini hakubakiza nafasi moja kwa ajili ya Krul? Lakini kama mmoja wa wale watatu walioingia angefunga goli, nani angeuliza swali hilo?

Miaka saba baadaye, tarehe 11 Julai 2021, Uingereza ilicheza fainali ya Kombe la Ulaya na Italia katika uwanja wa Wembley. Mechi ilikuwa 1–1. Dakika za mwisho za muda wa nyongeza, kocha Gareth Southgate aliwaingiza Marcus Rashford na Jadon Sancho ili wapige penalti. Wote wawili walikosa. Bukayo Saka, aliyekuwa na miaka 19, naye alikosa ile ya mwisho. Italia ikachukua kombe kwa penalti 3–2.

Southgate alisema wazi kwamba yeye ndiye aliyechagua wapigaji, na kwamba aliwachagua kwa kuangalia walivyopiga mazoezini. Kwa maneno mengine, alifanya kama Van Gaal na kama Desabre: alitafuta mtu mwenye ujuzi maalumu kwa kazi maalumu. Wawili waliitwa mafundi na mmoja akaitwa mjinga, ingawa fikra ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni mpira uliookolewa na mpira uliogonga mwamba.

Kwa nini akili zetu zinatudanganya

Wataalamu wa saikolojia wamechunguza jambo hili kwa muda mrefu.

Mwaka 1975, mtafiti Baruch Fischhoff aliwapa watu habari za vita vya zamani kati ya Waingereza na Wagurkha. Wengine waliambiwa Waingereza walishinda. Wengine waliambiwa Wagurkha walishinda. Kisha wakaombwa wakadirie ni matokeo gani yalikuwa na uwezekano mkubwa, kana kwamba hawajui mwisho. Kila kundi liliona kuwa mwisho lililoambiwa ndio uliotarajiwa zaidi. Tukishajua kilichotokea, tunaona kama kilikuwa wazi tangu mwanzo. Ndiyo maana mtu anasema "mimi nilijua tu," na anasema kwa moyo mweupe, hata kama dakika ya 60 hakusema lolote.

Mwaka 1988, Jonathan Baron na John Hershey waliwapa watu habari za daktari aliyelazimika kuamua kama amfanyie mgonjwa upasuaji au la. Wote walipewa maelezo yaleyale kuhusu hatari na faida. Tofauti ilikuwa mwisho wa habari: kwa wengine mgonjwa alipona, kwa wengine alifariki. Waliosoma kwamba mgonjwa alipona walisema daktari aliamua vizuri. Waliosoma kwamba alifariki walimpunguzia alama, ingawa uamuzi na sababu zake havikubadilika hata kidogo.

Mshabiki wa mpira anafanya hivyohivyo. Anampa kocha alama kwa kuangalia ubao wa matokeo.

Goli moja ni kitu kidogo sana

Kuna sababu nyingine ya kuwa makini, nayo ni mpira wenyewe. Katika kikapu, timu zinafunga mara nyingi, kwa hiyo bahati ya mpira mmoja inamezwa na mingine. Katika soka, mechi nyingi zina magoli mawili au matatu, na nyingine halina hata moja. Mpira mmoja uliodunda vibaya unaweza kufuta kazi ya dakika 90.

Kumbuka nusu fainali ya tarehe 7 Februari 2024 mjini Abidjan, Kongo dhidi ya Ivory Coast. Kabla ya mechi, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wa Kongo walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole vya mkono wa pili kichwani kama bastola, ili dunia isinyamazie vurugu za mashariki mwa nchi yao. Kwa wasomaji wetu wengi, timu ile ilikuwa imebeba kitu kizito kuliko kombe. Ndiyo maana kufungwa kwake kuliuma.

Lakini angalia mechi yenyewe. Mapema kipindi cha kwanza Cédric Bakambu alitia mpira wavuni, mwamuzi akalikataa goli kwa sababu alikuwa ameupiga mpira ukiwa mikononi mwa kipa. Upande wa pili, shuti la Franck Kessié liligonga mwamba. Dakika ya 65, Sébastien Haller alipiga mpira wa krosi kabla haujatua, ukadunda chini na kupaa juu ya kipa Mpasi hadi wavuni. Goli pekee la mechi lilikuwa shuti ambalo halikupigwa safi. Hakuna kocha anayeweza kupanga mpira udunde namna ile, wala kupanga usidunde.

Na hao Ivory Coast walioshinda? Katika hatua ya makundi walifungwa 4–0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao. Kocha wao Jean-Louis Gasset akaondoka, wakaponea nafasi ya tatu, na chini ya Emerse Faé wakaishia kuwa mabingwa. Kama ungemhukumu kila mtu kwa mechi moja, ungekuwa umewazika mabingwa kabla ya kombe.

Wahenga walisema: siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Siku nyingine timu inateleza tu.

Uwanjani kwetu, jambo hili ni zito zaidi

Makocha kama Desabre na Van Gaal hulipwa, na maneno yetu hayawafikii. Kocha wa timu ya kijiji chako au bloku yako yanamfikia. Mara nyingi anajitolea, anaazima mpira, anashona nyavu mwenyewe. Jumatatu atakutana nawe kwenye mgao wa chakula.

Chukua mfano huu. Ni fainali ya ligi ya vijana, timu ya wakimbizi dhidi ya timu ya wenyeji. Wakimbizi wanaongoza 1–0. Dakika ya 70 kocha anamtoa winga mwenye mbio, aliyefunga lile goli, na kumwingiza kiungo mkabaji. Dakika ya 80 wenyeji wanasawazisha. Dakika ya 88 wanafunga la pili. Filimbi ya mwisho inapolia, maneno yanaanza: "Amemtoa kwa sababu si wa kabila lake." "Amehongwa na wenyeji." Upande wa pili nao mtu anadakia: "Hawa hawajui mpira, warudi kwao." Mechi iliyochezwa ili watu wafahamiane inageuka chanzo cha ugomvi.

Sasa tuseme wewe ungekuwa karibu na benchi. Ungejua kwamba kijana yule alikuwa na kadi ya njano na mwamuzi alikuwa ameshamwonya mara ya pili. Ungemsikia wakati wa mapumziko akisema paja linakaza. Na huenda ungejua jambo ambalo kocha hawezi kulitangaza mbele ya watu: kwamba nyumbani kwao mgao umeisha, na tangu asubuhi amekunywa chai tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata ukishajua yote hayo, bado unaweza kusema kocha alikosea. Huenda angemwingiza winga mwingine badala ya kiungo, ili wapinzani waendelee kuogopa mbio za pembeni. Hayo ni mazungumzo ya mpira, na ni mazuri. Lakini "amehongwa" na "kabila lake" si mazungumzo ya mpira. Ni shutuma dhidi ya mtu, bila ushahidi, mbele ya watoto wanaosikiliza.

Maneno haya yana gharama. Kijana aliyekosa penalti anaacha kuja mazoezini. Kocha anakabidhi filimbi na hakuna wa kuipokea. Mama anamkataza mwanawe kuvuka kwenda uwanja wa upande wa pili. Hata Uingereza, baada ya fainali ile ya 2021, Rashford, Sancho na Saka walitukanwa mtandaoni kwa sababu ya rangi yao, na polisi wakakamata watu. Lawama ya mpira ilikuwa imeshaacha mpira.

Maswali manne kabla ya kumlaumu kocha

1. Alijua nini wakati ule? Sahau matokeo. Rudi kwenye dakika ya uamuzi. Nani alikuwa amechoka, nani ana kadi, nani ameumia, wapinzani walikuwa wanapita wapi? Kama hujui, muulize kabla ya kuhukumu.

2. Alikuwa na chaguo gani jingine? Ni rahisi kusema "asingemtoa yule." Sema pia nani angetoka badala yake. Katika mashindano makubwa ya siku hizi kocha anaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano katika dakika 90, lakini kwa kusimamisha mchezo mara tatu tu, ukiacha mapumziko. Kwenye ligi zetu huenda sheria ni tofauti, na benchi huenda lina watu watatu, mmoja wao akiwa hana viatu. Kila mabadiliko yanafunga mlango mwingine.

3. Uliona kosa hilo kabla ya goli? Kama dakika ya 70 ulipiga makofi, kuwa mkweli dakika ya 90. Njia nzuri ya kujipima ni kumwambia jirani yako mapema: "Mimi ningemtoa fulani, kwa sababu hii." Mara nyingine utapatia. Mara nyingi zaidi utagundua ulivyokosea, na utakuwa mpole kwa kocha.

4. Ningesema nini kama tungeshinda? Hili ndilo swali gumu zaidi. Kama mabadiliko yaleyale yangeitwa busara baada ya ushindi, basi unalalamikia matokeo.

Na kuna la tano, la siri, la kujiuliza peke yako: ulikuwa umeweka pesa? Mtu aliyepoteza hela ya unga kwenye mkeka wa kubeti anatafuta mtu wa kumlipa. Kocha hana deni lako.

Lakini kocha akikosea kweli?

Makala hii haisemi kwamba makocha hawakosei. Wanakosea, na kuuliza si ujinga. Timu ni ya jamii, na jamii ina haki ya kuuliza.

Tofauti ni kwamba kosa la kweli huonekana kwa kuangalia mechi nyingi, na huonekana hata mnaposhinda. Kama timu inaishiwa pumzi kila kipindi cha pili, uliza kuhusu mazoezi. Kama mnafungwa kila wiki kwa kona, uliza nani amepewa kazi ya kukaba. Kama wachezaji wa eneo moja tu ndio wanaopangwa mechi baada ya mechi, ilhali wengine wanafika mazoezini kila siku, hilo ni swali halali kuhusu haki, na lina majina, tarehe na idadi ya kuonyesha.

Kuna pia mambo ambayo si ya mbinu kabisa. Kocha anayempiga mtoto, anayemlazimisha mchezaji aliyeumia kichwa kuendelea kucheza, au anayedai pesa au kitu kingine ili ampange mchezaji, huyo usisubiri matokeo ya mechi. Toa taarifa kwa viongozi wa ligi, kwa kiongozi wa jamii unayemwamini, au kwa dawati la ulinzi katika makazi yenu, hata kama timu imeshinda 5–0.

Namna ya kuzungumza baada ya kufungwa

- Subiri. Usimfuate kocha filimbi inapolia. Siku inayofuata ataeleza vizuri, na wewe utasikia vizuri.
- Uliza, usishtaki. "Kocha, ulimtoa winga kwa nini?" inafungua mdomo. "Umetuuza" inaufunga.
- Taja kitendo, usitaje asili ya mtu. Kabila, nchi, dini na hali ya ukimbizi havina nafasi kwenye uchambuzi wa mpira.
- Mlinde mchezaji mdogo. Aliyekosa penalti anajua kwamba amekosa. Mpe maji, msindikize nyumbani.
- Simu yako pia ni mdomo. Sauti uliyorekodi kwa hasira kwenye kundi la WhatsApp itazunguka vijiji vyote kabla hujatulia.

Wewe uliye kocha, nawe una sehemu yako. Siku moja au mbili baada ya mechi, kaa na wachezaji na wazazi chini ya mti kwa nusu saa. Eleza uamuzi mmoja au miwili mikubwa: uliona nini, ulitaka nini kitokee, na kipi hakikutokea. Pale unapoona ulikosea, sema "hapa nilikosea." Siri za wachezaji zibaki siri. Southgate alibeba lawama ya penalti mwenyewe badala ya kuwaachia vijana wake, na hilo halihitaji mshahara mkubwa.

Mechi ijayo

Leopards watacheza tena, na siku moja tena watafungwa kwa goli moja. Timu ya bloku yenu pia. Siku hiyo bishaneni, maana ubishi ni nusu ya utamu wa mpira. Lakini kabla hujasema kocha ni mjinga, rudi kwanza kwenye dakika aliyoamua, wakati wewe na yeye hamkujua mpira utadundia wapi. Ukisimama hapo, huenda bado utamlaumu. Angalau utakuwa umemlaumu kwa alichofanya, na Jumatatu kwenye mgao mtaweza kusalimiana.